Shamba la Bondeni na Shule ya Helikopta

Barazani kwa Mwinshehe, fundi cherehani wa Mwembesongo, kuna benchi la mbao ambalo mguu wake mmoja umefungwa waya. Hapo ndipo Severin Mkude hupumzika akishashusha kabichi zake sokoni. Jumatano ile alifika saa nne asubuhi, shati limepigwa pasi, na hakuja na kabichi. Hamza muuza kahawa alikuwa ameshapanga vikombe. Mwinshehe, ambaye kijiwe kizima humwita Waziri kwa kuwa hakuna jambo la nchi asilolitolea tamko, alikuwa anapinda suruali ya mtu. Jonathan, fundi baiskeli, jina lake la hapo Injinia, alikuwa amepakata gurudumu lililojikunja. Severin aliitikia shikamoo ya Jonathan, akakaa, akasema bila kuzunguka kwamba saa sita dalali anakuja kumchukua wakaandikishane. Anauza shamba lake la bondeni kule Mlali.

Waziri aliondoa mguu kwenye kanyagio la cherehani.

— Lile lenye maji? Waziri aliuliza.

— Hilohilo.

— Una mgonjwa?

— Nina rubani.

Ilibidi awaeleze. Binti yake mkubwa, Filomena, anayekata tiketi za mabasi Msamvu, alikuja nyumbani Jumapili na akaondoka akisahau daftari lake. Ndani yake mlikuwa na barua. Mdogo wake, Yuliana, aliisoma kwa sauti mbele ya baba: Filomena amekubaliwa chuo cha urubani wa helikopta, Afrika Kusini, na ada ya kwanza ifike kabla ya Ijumaa. Severin hakumpigia simu mtoto. Alijua kilichotokea: binti kaona aibu kuomba. Na ndoto yenyewe haikuwa ngeni kwake. Mwaka ule milima ilipoporomoka na barabara ikakatika, helikopta ilitua uwanja wa shule kumchukua mama aliyeshindwa kujifungua. Filomena alikuwa na miaka tisa. Watu wote walikimbia vumbi, yeye akabaki amesimama ndani yake, macho wazi.

— Jumla yake ngapi, mzee wangu? Injinia alishatoa simu.

— Wameandika kwa dola.

Injinia alibonyeza, akafuta kioo kwa ovaroli, akabonyeza tena.

— Milioni mia moja na themanini, na chenji.

— Na shamba? Waziri aliuliza.

— Kumi na mbili. Ya ada ya kwanza tu.

— Hapo umenunua usukani.

— Helikopta haina usukani, Waziri, alisema Injinia. — Ina fimbo.

— Haina? Waziri aliweka mkasi chini. — Basi mambo yamekwisha. Wahenga walisema, chombo cha kuzama hakina usukani. Mwambie mtoto aachane nacho.

— Walisema chombo cha majini.

— Hewa nayo ina maji. Kwani mvua inatoka wapi?

Hamza alimimina kahawa, akamsogezea Severin kashata bila kuombwa. Severin aliishika tu. Alikuwa amekuja pale akitumaini kwamba mtu mmoja, yeyote, atamwambia amefanya vizuri.

— Mimi nawapa mchongo, alisema Injinia. — Dereva gani wa lori alisomea lori? Wote walianza utingo. Kipindi cha kampeni helikopta zinazunguka hapa kama kunguru. Filomena aombe utingo wa helikopta. Afute vioo, afunge mlango, aite "rudi, rudi, kata kushoto!" Mwaka mmoja tu, dereva akisinzia, anaachiwa.

— Dereva wa helikopta akisinzia mnafika wapi? Hamza aliuliza.

— Chini, alijibu Waziri. — Ndiyo maana nasema hiyo ada ina wizi ndani yake. Mpanda ngazi hushuka. Kushuka hakuna anayefundishwa. Alipie kupaa peke yake, wampunguzie nusu.

— Inabaki milioni tisini.

— Hiyo tisini wailipe watatu. Kidole kimoja hakivunji chawa. Binti mmoja asomee kupaa, wa pili asomee kwenda mbele, wa tatu asomee kugeuza.

— Na abiria atakaa wapi?

— Abiria apande basi! Kwani dada yake hakati tiketi Msamvu?

— Si dada yake, ndiye yeye mwenyewe!

Severin alicheka, kahawa ikampalia. Kisha akaona aibu kwamba amecheka. Lile shamba halikuwa la ukoo wa mama yake Filomena. La ukoo lisingeuzika bila wajomba kukaa kikao. Hili alilinunua mwenyewe, kwa pesa ya misimu saba ya vitunguu, na ndilo lililowasomesha watoto kiangazi wenzao wakirudishwa nyumbani kwa kukosa ada.

Injinia alikuwa ameshasimama.

— Au tuachane na ada kabisa! Kabichi inatoka Mlali mpaka Dar na lori, inafika imechoka. Tuwaambie hao wenye shule walete helikopta hapa. Filomena anajifunzia kazini, kabichi zinaning'inia chini kwenye wavu, zinashuka Kariakoo zina umande. Shule inachukua pesa ya kabichi.

— Kabichi moja itauzwa bei gani? Hamza aliuliza.

— Bei ya mbuzi.

— Nani atainunua?

— Aliye juu mngoje chini, alisema Waziri, na hapo hata Injinia hakuelewa, lakini alitikisa kichwa kukubali.

Wakati huo mwanamke mmoja wa makamo alikuwa amesimama kwenye ngazi ya baraza na gauni mkononi. Alijitambulisha kwa jina la Catherine, ameelekezwa pale kwa ajili ya kupunguza kiuno. Waziri alimwomba akae kidogo, kuna kikao. Akakaa ncha ya benchi, akasikiliza kabichi zikipaa mara mbili, na Hamza akampa kikombe. Alipokinywa nusu akamgeukia Severin.

— Samahani baba, huyo binti ameshapimwa?

— Kupimwa nini?

— Afya. Macho, masikio, moyo. Rubani hapati leseni bila cheti cha daktari wa marubani.

Waziri alimtazama Injinia. Injinia akalitazama gurudumu. Hamza akafunika birika ambalo lilikuwa limefunikwa tayari.

— Sijui, alisema Severin.

— Mdogo wangu alilipa kwanza, alisema Catherine. — Tuliuza nyumba ya mama. Alipopelekwa kupimwa, macho yakamkataa. Ada haikurudi. Sasa hivi ana duka la dawa za mifugo Dumila, anaishi vizuri, sisemi. Ila mama amepanga chumba.

Severin aliinuka, akaenda pembeni ya baraza, akapiga simu. Upande wa pili kulikuwa na honi na sauti za wapiga debe.

— Shikamoo, baba.

— Marahaba. Umeshapimwa macho?

Honi zikaanza kusikika kwa mbali, kama mtu anayesogea pembeni.

— Nani amekwambia? Filomena aliuliza polepole.

— Barua yako iko kwangu. Nakuuliza kupimwa.

— Bado, baba. Jumatatu. Nimeomba ruhusa kazini, naenda Dar na treni, narudi jioni.

— Barua inasema pesa Ijumaa.

— Niliwaandikia wanisogeze mpaka awamu ya mwakani. Wamekubali. Sikutaka uanze kuhangaika kabla sijajua kama mwili wenyewe unafaa. Kisha sauti yake ikabadilika. — Baba, uko wapi? Hujauza kitu?

— Sijauza.

Ilikuwa kweli. Ilikuwa saa tano na nusu.

Dalali alifika na pikipiki kabla ya saa sita, akiwa na bahasha kwapani, akabaki juu ya pikipiki bila kuzima injini.

— Twende mzee, mwenye hela anasubiri ofisini.

— Siuzi.

— Bei imekuwa ndogo?

— Bei nzuri. Mtoto hajapimwa macho.

Dalali aliwatazama mmoja mmoja, mpaka na Catherine.

— Macho na shamba yanakutana wapi?

Kijiwe kile, kilichokwisha kuipandisha kabichi angani na kuigawa helikopta mara tatu, kikarudi kwenye kazi zake. Waziri aliinamia suruali. Dalali aligeuza pikipiki akilalamikia mafuta yake. Severin akamfuata, akampa ya mafuta, akarudi kumalizia kikombe.

Jumanne asubuhi Filomena alishuka Mlali. Hakumkuta baba nyumbani, akateremka mpaka bondeni, viatu mkononi. Severin alikuwa anaelekeza maji kwenye matuta ya kabichi. Alijipangusa mikono kwenye suruali, akaipokea karatasi, akaitazama mbele na nyuma ingawa ilikuwa ya Kiingereza.

— Inasemaje?

— Nimefaulu, baba. Macho, masikio, moyo, vyote.

Severin aliikunja kwa mkunjo wake uleule, akamrudishia.

— Jumatano ile nilikuwa nauza hapa, alisema. — Tulipoongea kwenye simu dalali alikuwa njiani.

Filomena aliyatazama matuta, moja baada ya jingine, mpaka yanapoishia kwenye migomba.

— Ungeuza kweli?

— Ningeuza.

Filomena aliweka viatu chini. Hakumshukuru wala hakumlaumu. Alisema chuo kinahesabu saa za kuruka, mtu anaweza kulipia kidogo, akasimama, akarudi kazini, akaendelea. Alisema masomo ya darasani ataanza mwenyewe kwa vitabu, na kwamba kuna maombi mawili ya ufadhili hajayajaza, yote yalikuwa yanataka hicho cheti. Itachukua miaka sita, pengine saba.

— Saba, alisema Severin.

Misimu ya vitunguu ilikuwa saba pia, na hakuna aliyemwambia mapema kwamba itatosha. Aliziba mfereji kwa tope, akakaa juu ya tuta kavu, akamwachia binti yake nafasi.

— Haya, alisema. — Sasa tuongee pesa.