Treni ya Uji: Maisha ya Yotham Sila Ndahani, 1948–1999

Nilikuwa napepeta mtama wa chakula cha mchana uani kwetu Mkonze, Jumanne ya tarehe 14 Septemba 1999, mwanangu Seth alipoingia kutoka hospitali ya mkoa, akautoa ungo mikononi mwangu akauweka chini, akasema, "Mama, baba amepumzika," nami kwa kuwa watu wa nyumbani walikuwa hawajala niliuokota ungo nikamaliza kupepeta, ndipo nikakaa chini.

Ndugu waombolezaji, historia hii nimeiandika mimi Jenifa, mke wa marehemu, na anayewasomea ni shemeji yangu Anthony, mdogo wake marehemu, kwa niaba ya familia, hivyo mkisikia "mimi" humu ndani si Anthony anayejisema, na akifika mahali pa kucheka asijizuie, maana kaka yake hakupenda nyuso zilizokunjwa.

Marehemu Yotham Sila Ndahani alizaliwa Kongwa tarehe 3 Machi 1948, mtoto wa tatu wa Mzee Sila Ndahani na Mama Yasinta, wakati ule wa mradi wa karanga wa Waingereza, baba yake akiwa kibarua wa kutandika reli iliyotoka Msagali, reli ambayo haikudumu ikang'olewa, na Mzee Sila alikuwa akisema kwamba alilipwa kuitandika na akalipwa tena kuing'oa, na mshahara ulikuwa uleule.

Alianza shule ya msingi hapohapo Kongwa mwaka 1957, akamaliza darasa la nane mwaka 1964, akakaa nyumbani akichunga ng'ombe wa baba yake hadi alipochukuliwa na shirika la reli mwaka 1967 na kupelekwa Tabora kujifunza ufundi wa ishara na simu, masomo aliyoyamaliza mwishoni mwa mwaka 1968.

Kazi aliianza rasmi tarehe 13 Januari 1969, akahudumu Morogoro, Manyoni, na kwa muda mrefu kuliko kote hapa Dodoma, na kwa wasiojua kazi yenyewe, alitunza vyombo vinavyoziwezesha stesheni mbili kuelewana, kwa maana kwenye njia moja ya reli treni haiondoki mpaka stesheni ya mbele ikubali kuipokea, na sheria hiyo aliileta hadi nyumbani, hata mgeni akibisha hodi yeye hakusema karibu mpaka ahakikishe kiti kipo.

Tulifunga ndoa tarehe 21 Desemba 1974 katika kanisa la Anglikana Kongwa, na hapa wageni wetu mliotoka mikoa mingine mnivumilie niwaeleze jambo ambalo wenyeji wanalijua, kwamba kwetu mkwe wa kiume na mama mkwe wake huoneana haya, hawakai chumba kimoja, hawali pamoja, hawapeani kitu mkono kwa mkono, na wakikutana njiani mmoja humpisha mwenzake. Vijana wa siku hizi wanalipunguza jambo hili, lakini marehemu na mama yangu, Mama Anyesi, hawakulipunguza hata kidogo, na niliwahi kumkuta mume wangu mnadani Kongwa amejibanza nyuma ya mkokoteni wa ng'ombe, jua kali, akingoja mama amalize kubishania bei ya chumvi, na mama katika chumvi hakuwa mtu wa haraka.

Mungu alitujalia watoto watatu, Seth aliyezaliwa tarehe 9 Februari 1976, Miriam tarehe 30 Agosti 1979, na Evarista tarehe 17 Mei 1984, wote wako hapa.

Mwaka 1986 mhandisi mmoja wa kigeni aliyekuwa akifanya kazi na marehemu alimaliza mkataba wake, na siku ya kufunga mizigo akamwachia sanduku la mbao lenye treni za kuchezea za bustanini, injini mbili, mabehewa na vipande vya reli, na msifikirie vitu vya kushika kwa vidole, injini moja ilikuwa ndefu kama mkono wa mtu mzima kutoka kiwiko hadi ncha za vidole. Injini hizo zilipata umeme kutoka kwenye reli yenyewe, transfoma ikichomekwa ukutani, umeme ukapita relini na magurudumu yakauchota, jambo zuri huko kwao, lakini hapa vumbi la Dodoma lililala juu ya reli kabla mtu hajamaliza kuipangusa, injini ikasogea kidogo ikakwama, akaisukuma ikakwama tena, na ilipokubali kwenda umeme wenyewe ulikatika. Akazirudisha sandukuni, sanduku likakaa juu ya kabati langu la nguo, nami nikalilalamikia kwa miaka.

Tarehe 30 Juni 1993 marehemu alipunguzwa kazi pamoja na wenzake wengi, akapokea jambo hilo bila kumtukana mtu, akaenda Kibaigwa kujaribu udalali wa mahindi, akarudi baada ya msimu mmoja, kwa sababu mnunuzi akimuuliza kama mahindi yamekauka yeye alimjibu ukweli. Akabaki nyumbani akitengeneza redio na pasi za majirani, mimi nikaendelea na ukarani wangu mjini, nikitoka asubuhi na kurudi jioni.

Aprili 1995 Mama Anyesi alianguka huko Kongwa akavunjika nyonga, akalazwa, na alipotoka daktari alisema abaki karibu na hospitali kwa dawa na mazoezi, kwani akipelekwa mbali hatatembea tena, na kulala kitandani kwa umri ule ni kungoja nimonia. Tukamleta kwetu Mkonze. Hapo ndipo shida ilipoanza, kwa maana mchana kutwa mimi sipo, watoto wako shule, na nyumbani wamebaki wawili tu, mama mkwe asiyeweza kuinuka na mkwe asiyeweza kumkaribia, na dawa za mchana lazima zimezwe baada ya uji. Wiki ya kwanza niliuacha uji kwenye chupa ya chai pembeni ya kitanda, mama akashindwa kuifungua, akakaa na njaa bila kusema, na marehemu akashinda jikoni akijua ana njaa, asijue la kufanya.

Kaka yangu Bartolomayo alikuja kutoka Kongwa, akasimama uani asikae.

"Dada, mama hawezi kukaa kwa mkwe. Anamlisha nani mchana?"

"Hakuna anayemlisha, ndiyo shida yenyewe."

"Na Yotham je?"

"Unataka Yotham aingie chumbani kwa mama?"

"Sijasema hivyo, usiniwekee maneno mdomoni. Mwisho wa mwezi naja na gari, namchukua."

"Na hospitali?"

Akageuka akaondoka. Sikumlaumu, nilijua tu kwamba gari hilo likija mama hatarudi.

Usiku ule marehemu aliliteremsha sanduku juu ya kabati. Sikuuliza, nilidhani anataka kuuza. Asubuhi alikwenda kwa jirani yetu Masudi, mwenye duka la redio na vitu vya kuchezea vya kutoka Dubai, akaomba magari ya watoto ya rimoti yaliyovunjika njiani, Masudi akampa akisema, "Mzee Ndahani, umri huu unaanza kuchezea magari, shemeji anajua?" Akakata nyaya zote zilizochota umeme relini, akaweka betri za taa za kuchaji ndani ya behewa la nyuma, ili treni ibebe umeme wake yenyewe na reli ibaki kuwa njia tu, iwe na vumbi au isiwe nalo, kuwe na mgawo wa umeme au usiwepo. Kutoka kwenye magari akachomoa kile kipande kinachopokea amri ya rimoti hewani, na kwa kuwa kipande hicho kilikuwa na nguvu ya kusukuma gari la mtoto tu, akakipa kazi ya kuwasha swichi ndogo za sumaku, rilei, vitu alivyovizoea tangu stesheni, na rilei ndizo zilizopeleka umeme wa betri kwenye mota, mbele au nyuma. Kwa kazi hiyo aliunguza kitambaa changu cha meza na mfuniko wa sufuria, nayasema haya kwa sababu aliniomba radhi na nilimsamehe.

Reli ikatandikwa kutoka jikoni, ikapita koridoni, ikaingia chini ya pazia la chumba cha mama hadi kitandani. Kwa betri mbili treni iliondoka kama imechapwa, kikombe cha kwanza kikamwagika pale pale jikoni, akatoa betri moja, ikatulia. Yeye alikaa jikoni, mgongo ukielekea koridoni, asimwone mama wala mama asimwone, na treni haikuondoka mpaka mama apige kijiko kwenye chuma cha kitanda mara mbili, maana yake njia ni nyeupe, napokea, akipiga mara tatu treni ingoje. Mama alilipenda jambo la kupiga mara tatu. Alipiga mara tatu akiwa hajajifunga kitambaa kichwani, alipiga mara tatu ikiwa uji wa jana haukuwa na sukari ya kutosha, na nilipomwambia anamsumbua mtu alinijibu, "Jenifa, stesheni ni yangu."

Siku chache kabla ya mwisho wa mwezi, uji ukiwa koridoni na vidonge kwenye kisosi, treni ilisimama, ikarudi nyuma kwa kasi, ikapita jikoni, ikatoka mwisho wa reli, ikaanguka miguuni pa marehemu. Akabonyeza rimoti, ikakohoa magurudumu hewani, ikaacha, ikaanza yenyewe. Alihangaika nusu saa, mama akigonga kijiko bila kupumzika, hadi aliposikia ng'ambo ya ukuta Masudi akijaribu magari mapya kabla ya kuyapeleka dukani, magari ya shehena ileile, yenye rimoti za masafa yaleyale.

"Masudi, unaendesha uji wa mama mkwe wangu," marehemu akamwambia kwa juu ya ukuta.

"Naendesha nini?"

"Uji. Umeumwaga."

Masudi alicheka akakaa chini, kisha akazima magari, na safari yake iliyofuata ya Dar es Salaam akaleta gari la aina nyingine, lenye masafa yasiyogombana na ya dukani kwake, akakataa malipo, akisema yeye ndiye anayedaiwa, kwa uji alioumwaga wa mwanamke asiyemjua. Wakati tukilingoja gari hilo alikubali kutojaribu magari saa za mchana, nami namshukuru kwa hilo kuliko hata kwa gari lenyewe.

Bartolomayo alifika na pikapu kama alivyosema. Siku hiyo nilikuwa nimeomba ruhusa kazini, nguo za mama nilikuwa nimezifunga, kwani sikutaka kugombana na kaka mbele ya mgonjwa. Aliingia chumbani kwa mama, akakaa kwenye kigoda, mama akachukua kijiko akagonga mara mbili bila kumweleza kitu, pazia likainuka, injini ikaingia ikivuta uji na vidonge, ikasimama kitandani.

"Nani kaileta hii?"

"Shemeji yako, yuko jikoni," mama akamjibu. "Usimwite, ataniona."

Kaka aliitazama treni, akamtazama mama anakunywa, akasubiri irudi, akaniuliza kama ni hivi kila siku, nikamwambia kila siku. Akatoka, akazunguka nyuma ya nyumba hadi dirisha la jikoni, nikamsikia akisema, "Shemeji, nilikuja kuchukua aibu, sijaiona," na marehemu akamjibu kwamba kuna uji umebaki kama anataka. Aliondoka na pikapu tupu. Mwaka uliofuata, kwa mazoezi ya hospitali, mama alianza kutembea na fimbo kutoka kitandani hadi dirishani, akaishi nyumbani kwetu miaka minne pamoja na mkwe wake bila hata mmoja kumvunjia mwenzake heshima.

Marehemu alianza kuumwa figo mwezi Machi mwaka huu, akalazwa na kuruhusiwa mara kadhaa, na kuanzia Julai hakuinuka tena kitandani. Seth alihamisha mwisho wa reli kutoka jikoni hadi chumbani kwa baba yake, rimoti akampa bibi yake, na Mama Anyesi, ambaye redio hakuwahi kuizima mwenyewe, alimbangulia mkwe wake karanga akamtumia, akingoja kwanza agonge. Alizokula zilikuwa chache. Nyingine nilizila mimi, sioni haya kusema. Alirudishwa hospitali tarehe 8 Septemba, akafariki tarehe 14 saa tano asubuhi.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa hospitali ya mkoa, hasa wa wodi ya wanaume, waliomhudumia kwa uvumilivu na kumwacha agonge kitanda chake alipokuwa hajiwezi kwa maneno, inawashukuru wastaafu wenzake wa reli, wafanyakazi wenzangu walionishikia kazi, wachungaji, na majirani wa Mkonze kwa maji, kuni na maturubai, na Masudi aliyefunga duka tangu Jumanne. Namshukuru kaka yangu Bartolomayo, aliyesema mbele ya wazee kwamba mama atabaki Mkonze, na kwamba mkewe atakuja kushinda naye mchana ninapokuwa kazini, hadi mama mwenyewe atakapotaka vingine.

Jana jioni jeneza lilipoletwa na kuwekwa sebuleni, Mama Anyesi aliomba apelekwe huko. Wanawake wakaguna, mmoja akasema, "Mama, ni mkwe huyo." Mama akasema, "Najua ni nani. Sasa hawezi kuniona, basi mimi nimtazame," na hakuna aliyebisha tena. Seth na Bartolomayo wakambeba na kiti chake wakamweka mlangoni, nusu ndani nusu nje, akamtazama uso kwa mara ya kwanza tangu mwaka 1974, kisha akauliza kama hakuna chakula nyumba hii. Tukapakua ugali na mlenda, nikahesabu sahani kama ninavyohesabu kila siku, Seth yupo, Miriam yupo, Evarista yupo, Anthony na Bartolomayo wapo, mama yupo pale mlangoni na sahani yake magotini, na Baba Seth yupo, hatua chache kutoka kwake.

Pumzika kwa amani, Baba Seth. Wote tupo, na wote tumekula.