Kikaango Kilichong'aa

Mheshimiwa Mchungaji Solveig Aune. Mheshimiwa Meya, ambaye naona umeifikia meza ya vitamu kabla ya sala. Wazee wa kanisa. Kina mama wenzangu wa kamati ya jiko. Ndugu yetu Duane Kjelstad, mwenye duka la vifaa. Na ninyi nyote mliokubali kushuka chumba hiki cha chini, wakati kila mwenye akili hapa Minnesota yuko kwake na blanketi magotini: nawasalimu.

Mimi, Arlene Bergstad, leo nastaafu kulisimamia jiko la kanisa hili. Mmenipa saa ya ukutani. Nashukuru sana. Sasa ninazo mbili, na nitajua wakati ambapo mojawapo inadanganya.

Najua mnachongojea. Nani atapewa ufunguo wa jiko? Nani atawalisha waombolezaji wa mji huu, atakayejua nani hali vitunguu na nani husema hali kisha akala? Kamati ilikaa, ikanywa kahawa, ikashindwa, ikaniachia mimi. Nitajibu. Lakini kwanza nataka kuzungumzia sponji.

Msigune. Gladys, nimekusikia.

Ni ile sponji ya Duane, laini na ya manjano upande mmoja, ya kijani na yenye kukwaruza upande wa pili. Tangu Duane afungue tovuti ya duka lake, kila mnunuzi anaweza kuandika maoni yake na kutoa nyota, na wakati wa baridi sisi hatuna cha kusoma kinachoyashinda maoni hayo kwa utamu. Mmoja alisifu kwamba inatoa magamba ya samaki kwenye ndoo. Mwingine anaikata vipande viwili ili idumu, na tunamjua, nduguye pia yuko hivyo hivyo. Mwingine anasugulia viazi, mwingine wadudu waliokauka kwenye taa za trekta, na akaeleza, bila kuulizwa, kwamba ni sponji ile ile. Mwingine alitoa nyota moja kwa sababu ilinuka baada ya wiki. Duane akamjibu kwa adabu: "Ikamue, Lyle."

Basi mwaka ule mwanangu Curtis alipooa, alimleta mkewe Janelle kwangu sikukuu ya Shukrani. Binti wa Chicago, mcheshi, mkono wazi. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Nami nikapona, nikalala kitini baada ya bata mzinga. Janelle akaosha vyombo. Vyote. Pamoja na kikaango cha chuma cha bibi yangu.

Kina mama, naona mmeshika vifua. Wageni, nisikilizeni: kikaango cha chuma hakisuguliwi. Kinafutwa, kinapakwa mafuta, kinarudi motoni. Ule weusi wake ni mafuta juu ya mafuta, mkono wa bibi, wa mama, kisha wangu. Ndio unaofanya yai liteleze. Janelle alikulia kwenye masufuria yasiyong'ang'aniwa na kitu, angejuaje?

Mimi sikukiona siku ile. Habari ilinifikia kwa simu ya Gladys.

"Arlene, umesoma ya sponji?"

"Ya sponji gani?"

"Kaa chini kwanza."

Nikakaa, nikasoma. Nayakumbuka kwa moyo: "Nyota tano! Kikaango cha mama mkwe wangu kilikuwa na uchafu mweusi wa miaka na miaka, maskini, nadhani macho yanamsumbua. Nimesugua kwa upande wa kijani mpaka mikono ikauma, sasa kinang'aa kama kijiko. Anastahili." Na chini yake, nusu ya mji ilibonyeza kwamba maoni hayo yamewasaidia. Gladys, nawe ulibonyeza.

Nilifanya nini? Nilifanya kama tunavyofanya hapa. Nilimwambia Janelle, "Kweli, kinang'aa. Kichukueni ninyi." Curtis, aliyezaliwa hapa, alitoka akaenda kukaa garini. Janelle alinikumbatia.

Kimya kingi kina mshindo mkuu, na changu kilidumu mpaka theluji ikayeyuka. Nilialikwa kwao, hapa hapa mjini, kula; nikawa na mafua. Nikaalikwa tena, mafua yakarudi. Kisha mnunuzi mmoja, hakutaja jina, akaandika chini ya maoni yale: "Binti, hukuosha uchafu. Umemwosha bibi yake."

Siku hiyo hiyo Janelle alikuwa mlangoni kwangu, bila kofia.

"Mama, kwa nini hukuniambia?"

"Nilikwambia kinang'aa."

"Kwani hilo ni tusi?"

"Hapa? Ndiyo."

Akalia, na mimi nikamkaribisha kahawa, maana sikujua la kufanya na mikono yangu. Niliumia, jamani. Ilikuwa kama kumzika bibi mara ya pili. Lakini hakuyafuta maoni yake. Aliongeza tu: "Bado nyota tano. Sponji haina kosa." Akaanza kukipaka kikaango mafuta ya nguruwe na kukioka, kukifuta, kukipaka tena. Curtis alilalamika kwamba nyumba nzima inanuka nguruwe. Sikumhurumia.

Kisha msimu huu wa baridi nyonga yangu ikavunjika, na wiki ile ile mzee Orville akatutoka. Dhoruba ilifunga barabara. Kamati yote ilikwama majumbani. Aliyefika jikoni humu kwa miguu, akapika, akawalisha wafiwa na kuosha kila sahani, mnamjua. Jioni akaniletea kitandani kipande cha mkate wa mahindi uliookwa kwenye kikaango kile, ukoko wake wa kahawia, mzima, bila pengo. Mkate ule haukung'ang'ania popote. Nikala chote. Nikasema, "Si mbaya," na hapa kwetu hakuna sifa iliyo juu ya hiyo.

Akaenda kwenye korido akalia. Hapo nikajua ameshakuwa mtu wa hapa.

Gladys, wewe ni rafiki yangu, na mikate yako ya viazi haina mfano. Najua ufunguo uliutarajia wewe; utanisamehe kabla ya Pasaka.

Janelle, mwanangu, simama. Kinyanyue wakione. Juu zaidi, Meya yuko nyuma. Kitazameni, jamani: cheusi tii. Kichafu. Kichafu kabisa, kama nilivyokipokea.

Ufunguo huu hapa. Sponji ibaki kule, upande wa pili wa sinki.

Nawashukuru kwa kunipa masikio yenu. Kahawa ingali moto, na leo, kwa mara ya kwanza, mimi nitakaa kitini nipakuliwe na mkwe wangu.