Dirisha Ambalo Verna Pelech Hakulifunga

Saa nne na dakika kumi na saba asubuhi, tarehe kumi na moja Februari 2009, seva ya mgodi wa Halbrook, unaochimba potashi ya mbolea, ilikataa nenosiri la Verna Pelech. Nenosiri lilikuwa sahihi. Aliliandika tena, herufi moja moja. Seva ikakataa tena.

Wasikilizaji wapendwa, Verna alifariki Jumanne iliyopita akiwa na miaka sabini na mmoja. Alizaliwa kwenye shamba la ngano kaskazini ya mji huu. Aliunganisha simu za watu kwa miaka kumi na minne, kisha akajifunza kompyuta ukubwani. Tangu 1994 alikuwa mtunzaji wa seva za mgodi. Leo tunamkumbuka, na hatuwezi kumkumbuka bila asubuhi ile.

Mkanda wa kubebea mawe ulikuwa umeshika moto chini ya ardhi, mita elfu moja kwenda chini. Watu sita walikwama chini. Walijifungia katika chumba cha kujihifadhi na kuziba mlango kwa udongo. Udongo haukutosha. Moshi ulipita. Ili kuurudisha nyuma, feni kubwa ilipaswa kugeuzwa ivume upande wa pili, na amri ya kuigeuza ilipitia seva hiyo peke yake. Narudia: watu sita, feni moja, seva moja, na seva haikumruhusu mtu kuingia. Mmoja wa wale sita alikuwa Lorne Pelech, mdogo wake Verna.

"Zima uwashe!" alisema Duane Fehr, msimamizi wa zamu. "Tunangoja nini?"

"Nikizima, feni inasimama dakika kumi na moja, bwana Duane. Lorne atavuta hewa gani dakika kumi na moja?"

"Sasa utaingiaje?"

"Mimi nimo ndani tayari."

Ni kweli, alikuwemo. Tangu saa moja asubuhi, kabla ya moto, Verna alikuwa na dirisha moja la amri, lile la kuandikia maagizo, lililo wazi kwenye seva. Lilikuwa zoea lake: hakufunga la kwanza mpaka la pili limethibitika kufunguka. Hata nyumbani alifanya hivyo. Alisimama kizingitini, mlango wazi, akijaribu ufunguo kwenye kitasa kwanza. Lorne anakumbuka: "Nje nyuzi thelathini chini ya sifuri, naye anajaribu ufunguo. Nikamwambia, dada, funga, unapasha joto jimbo zima!"

Lakini dirisha lile lilikuwa kama chumba cha Lorne. Alikuwemo, na alikuwa amefungiwa. Seva ilikuwa imejaa. Kila kazi inayoanza kwenye mashine huchukua nafasi, na nafasi zote zilikuwa zimekwisha. Kumfungulia mtu mlango ni kazi mpya. Hata amri za kawaida ni kazi mpya. Verna alibakiwa na maneno machache tu, yale ambayo dirisha lenyewe lilikuwa nayo: kutaja majina ya faili, kusoma mstari mmoja, kuua kazi kwa namba yake. Kama angelifunga, hata kwa kidole kuteleza, hakuna ambaye angeingia tena.

Akataja majina ya faili; kila kazi inayoendelea ilikuwa na faili iliyoitwa kwa namba yake. Skrini ikajaa maelfu ya namba. Mojawapo ilikuwa kazi ya feni, na akiiua hiyo, hewa inakatika. Kwa hiyo alisoma namba moja, akaandika jina la kazi hiyo kwenye karatasi, akasoma nyingine.

Duane alishika simu ya chini ya ardhi. "Lorne anasema moshi umefika kwenye magoti."

"Amekaa au amesimama?"

"Wamelala chini wote."

"Basi usiniambie magoti. Niambie kama anaongea."

Duane akasikiliza. "Anaongea. Anasema uandike haraka, ulikuwa mvivu tangu shule."

"Mwambie nikiandika haraka nitamuua yeye badala ya mashine."

Saa tano na dakika ishirini aliona kwamba jina moja lilijirudia karibu kila mahali. Lilikuwa jina la faili aliyoiandika yeye mwenyewe. Faili hiyo ilituma nakala za kumbukumbu kwenye mashine iliyokuwa chini ya ardhi. Moto ulikuwa umekata waya. Kila kazi ya kutuma iliyokosa jibu ilianzisha nyingine mbili. Verna akasoma mstari wa kwanza: "Ya muda tu. Iondolewe Ijumaa. V.P., 1998."

Duane aliusoma akiwa nyuma ya bega la Verna. Verna akasema: "Ni mimi."

Aliua kazi moja. Nyingine ikachukua nafasi yake. Aliua tatu, zikazaliwa tatu. Akaacha kuua, akaigeukia faili yenyewe. Kisha akaandika alama moja ambayo dirisha lenyewe liliielewa pia, ile ya kufuta yaliyomo, na jina la faili. Faili ikawa tupu. Kila kazi mpya iliyozaliwa baada ya hapo haikukuta la kufanya, ikafa. Akaanza kuua za zamani, namba kwa namba, kila moja akiilinganisha na karatasi.

"Jaribu," alimwambia Duane saa tano na dakika hamsini na mbili.

Duane akaandika nenosiri lake kwenye kompyuta ya pili. "Nimeingia! Verna, nimeingia!"

"Geuza feni."

Saa sita na dakika kumi na tisa Lorne alipiga simu kusema moshi umepungua, anaiona taa ya mlangoni. Saa kumi jioni wote sita walikuwa juu. Katika ripoti yake Verna aliandika chanzo kwa sentensi moja: "Faili ni yangu, niliisahau miaka kumi na moja."

Lorne, watoto wako na wote wa familia ya Pelech, poleni sana. Nasi tuliobaki, kabla ya kulala leo, tukumbuke kitu kimoja tulichokiacha "kwa muda tu", twende tukakiangalie.

Jana, saa tatu asubuhi, Duane Fehr aliingia kwenye seva ya mgodi ili kuifunga akaunti ya Verna. Alifungua dirisha la pili kwanza. Lilikubali. Ndipo akaifunga akaunti.