Themanini na Nane ya Dereva Iraida

Mheshimiwa Meya wa Utuado, Baba Paroko, familia ya Quiles, ndugu wafanyakazi, na ninyi majirani mliovutwa na harufu ya nguruwe wa kuchoma: habari za mchana.

Leo tunamuaga anapostaafu Iraida Quiles, aliyeendesha gari letu la maiti tangu marehemu baba yangu akiwa hai, na ambaye hakuna abiria wake hata mmoja aliyewahi kumlalamikia. Aliyelalamika ni kaka yangu Heriberto, mkurugenzi wetu, huyo anayejificha nyuma ya sahani.

Mwezi uliopita Heriberto alimwita fundi Wilfredo afunge kifaa kinachosoma mwendo kutoka kwenye mtandao wa umeme wa gari. Kikaleta themanini na nane, tena kwenye barabara kuu, ambako sheria inaishia maili hamsini na tano. Heriberto akapandwa na mori.

"Iraida, unakimbiza maiti? Utaondoka bila hafla wala ahsante."

Je, mnajua mama huyu alijisikiaje, baada ya maisha yote ya uangalifu? Alilia, ndugu zangu, nami nikalia naye. Kisha akajifuta machozi.

"Bosi, na siku ya kumzika Don Ovidio, kifaa kinasemaje?"

"Maili tano kwa saa."

"Nawe ulitembea nyuma yangu mpaka makaburini?"

"Njia nzima."

"Yaani wewe, unayehema kwa ngazi tatu za kanisa, ulikimbia maili tano kwa saa na koti lako, na jasho hukutoka?"

Wilfredo alikuwa anakunywa kahawa, ikampalia. Gari lile hutuma mwendo wake kwa kilomita, hata kama mshale mbele ya dereva unaonyesha maili. Nani amlaumu? Kisiwani kwetu kibao kimoja kinakupa umbali wa Arecibo kwa kilomita, kinachofuata kinakuwekea mwendo kwa maili, nasi tunapita bila kuuliza. Wilfredo aliona namba ya mwendo, akaandika maili, kama ambavyo yeyote kati yetu angeandika. Kilomita themanini na nane ni maili hamsini na tano. Iraida hakuvunja sheria yoyote.

Heriberto ameshaomba radhi. Leo asubuhi nimemsikia akimnong'oneza, "Sasa Iraida, ukistaafu, mimi atanipeleka nani?"

"Nitarudi siku hiyo moja, bosi. Nitakwenda kilomita tano kwa saa. Ukiona nachelewa, shuka utembee."

Iraida, tunakupenda. Nanyi nyote, asanteni kwa kunisikiliza huku nguruwe akiwaita.