Benchi la Mapokezi

Kijiwe chetu cha Makandana kina benchi moja refu la mninga na birika langu la kahawa. Benchi aliliacha baba mkwe, marehemu Husseni. Mimi namimina tu, maneno nawaachia wenyewe: Mzee Hakimu, aliyekuwa karani wa mahakama, Injinia, fundi redio wa rika lake, na Muddy wa bodaboda. Juzi mvua iliwabana, wakaanza habari ya ile hoteli ya ghorofa iliyoungua mwaka themanini na nane, wakafa watu kumi na mmoja.

— Waya mbovu, akasema Injinia. Basi.

— Waya gani, na umeme ulikuwa umekatika? Ile ni radi, akasema Mzee Hakimu.

— Radi bila mvua?

— Ndiyo ujue ilitumwa!

Muddy akacheka.

— Wazee mnazingua. Mlima Rungwe si volkano? Ulipumua kidogo tu, pumzi ikatokea jikoni kwao.

— Nyamaza, ulikuwa hujazaliwa!

— Haya, nyie mliokuwepo mlifanya nini?

— Tungefanya nini? Injinia akang'aka. Mlango wa nyuma una kufuli, wa mbele umeshika moto dakika ileile. Hata panya asingeingia.

— Asingeingia, akaitikia Hakimu.

Hapo tu ndipo walipokubaliana.

Mama mmoja wa makamo alikuwa amejikinga mvua barazani na mkungu wake wa ndizi. Alisema anaitwa Atuganile, katoka Nkunga. Nilimpa kahawa.

— Ndaga, mwanangu, akashukuru.

— Kaa, mama, Hakimu akasogea kumpa nafasi. Hili benchi la heshima. Lilikuwa mapokezi, hotelini palepale.

— Mlilinunua?

— Tulinunue wapi! Tuliliokoa siku ileile, mimi, Injinia na Husseni. Zito hilo, acha kabisa!

Mama Atuganile hakukaa.

— Mama yangu alikuwa anafua mashuka pale, akasema. Alifia juu. Tuliambiwa hapakuwa na pa kuingilia.

— Ndivyo, mama. Pole sana.

— Sasa benchi mlilipitishia mlango gani?

Aliuliza taratibu, kama anayeuliza njia. Injinia akatazama kikombe chake. Muddy akamtazama Injinia.

Jibu nilikuwa nalo. Baba mkwe aliniambia wakati anaumwa, mimi namlisha uji. Mlango wa mbele. Waliingia mara tatu: benchi, redio, godoro. Mara ya tatu walisikia watu wa juu wanagonga sakafu. Walitoka na godoro.

Kila asubuhi nalifuta benchi hilo. Halina hata alama ya moshi.

Nikamsogelea mama Atuganile, nikamimina kahawa kwenye kikombe chake, kumbe kilikuwa bado kimejaa. Ikammwagikia mkononi.

— Nisamehe, mama, nikasema.

Hilo tu ndilo lililonitoka.