Mzee Andongwisye Kibona, Aliyeandikwa Amekufa Mwaka 1979

Wachungaji wetu, viongozi wa kijiji, wakwe, majirani na ninyi nyote mlioacha palizi mkaja Ikinga leo, poleni sana na tunawashukuru. Mimi ni Enesi Kibona, mdogo wake marehemu. Wazee wa ukoo wamenipa mimi kusoma, ingawa kwetu husoma mwanaume, kwa sababu siku zote wanasema nina mdomo, na leo wameona una kazi. Nitasoma yote, maana kaka aliagiza yote yasomwe, hata yale ya kumwaibisha.

Marehemu Andongwisye Samwel Kibona alizaliwa tarehe 14 Machi 1957, hapa hapa Ikinga, akiwa mtoto wa pili wa Mzee Samwel Kibona na mama yetu Nesta, ambao wote wamekwisha tangulia, akabatizwa mwezi uliofuata. Alianza darasa la kwanza Januari 1967 katika Shule ya Msingi Kalembelo, akamaliza la saba mwaka 1973, na kwa karibu muda huo wote alikaa dawati moja na Lusungu Kayange, mtoto wa jirani yetu wa ng'ambo ya mto, mpaka Lusungu alipoachia shule darasa la sita kwa kufiwa na baba, akabaki kumsaidia mama yake, Atuganile, na mdogo wake Emanueli aliyekuwa bado mgongoni. Waliosoma nao wanasema mwenye akili alikuwa Lusungu, kaka alikuwa na mwandiko tu.

Mwaka 1975 kaka alikwenda Mlowo kufanya kazi ya kupima kahawa. Februari 1977 alirudi nyumbani vijana walipoitwa kujiandikisha jeshini, na kutoka darasa lile wakachaguliwa watano, kaka akiwa mmoja wao, akapewa barua ya kuripoti tarehe 7 Machi. Hapa, ndugu zangu, nisikilizeni vizuri. Kaka aliogopa. Si mama aliyemzuia, wala si mguu kama tulivyowadanganya watu miaka mingi, aliogopa tu, na siku tatu kabla ya kuripoti akampa Lusungu barua ile pamoja na cheti chake cha darasa la saba, kwa sababu Lusungu aliutamani uaskari tangu utoto na bila cheti asingepokelewa. Lusungu akapanda lori akiitwa Andongwisye Kibona, na wale wanafunzi wenzao wanne waliokuwa naye wakanyamaza, wakaona ni kusaidiana tu, kama walivyozoea kuazimana daftari.

Mmoja wa wanne hao ni Mzee Osward, sajini mstaafu, yule aliyeketi pale mbele na medali zake. Ametusimulia kwamba kwa miaka miwili alimwita rafiki yake kwa jina lisilo lake, na kwamba mara nyingine Lusungu alisahau kuitika, akarushwa kichura, akamaliza adhabu huku anacheka. Walipigana Vita vya Kagera katika kombania moja, na mwezi Machi 1979 Mzee Osward alipopigwa risasi ya paja, Lusungu alirudi kumchukua, akambeba mgongoni mpaka kwenye handaki, akarudi tena kumfuata majeruhi wa pili, hakufika. Alikuwa na miaka ishirini na mbili, na kijana huyu ndiye tuliyekuwa tunamtuma kuni.

Telegramu ilifika kwa baba yetu Jumamosi, tarehe 5 Mei 1979, ikisema askari Andongwisye Kibona amefariki vitani. Tulilia, tukanyoa nywele, watu wakajaa. Kumbe kaka, tuliyedhani yuko jeshini, alikuwa amekwisha rudi kimya kimya kazini Mlowo, akaisikia habari ya kifo chake stendi, akapanda lori, akafika siku ya tatu ya matanga na kuingia uani kwa miguu yake. Jamani! Shangazi alikimbilia kwenye kihenge cha mahindi, mama akazimia, mchungaji akafunga Biblia. Tungeweza kucheka na kushukuru, lakini kaka hakusalimia mtu, alivuka mto moja kwa moja mpaka kwa Mama Atuganile, akapiga magoti mlangoni akamweleza kwamba aliyekufa ni Lusungu, na kwamba nafasi ile ilikuwa yake yeye.

Mama Atuganile kwanza aliwafungia kuku waliokuwa wanaingia kulala. Kisha alimwambia kwamba hataki ng'ombe wa fidia wala hataki kumwona amefungwa, anachotaka ni kitu kimoja, kusikia serikali ikilitaja jina la mwanaye, kwa sababu mtoto alimzaa yeye na kumpa jina yeye, na sasa analiliwa kwa jina la mtu mwingine. Kaka aliahidi, na ahadi hiyo ilimla miaka thelathini na mitano.

Mnajua maana ya kuahidi vile? Kila barua aliyoandika ilikuwa ni kujishtaki mwenyewe, na aliandika hata hivyo, kwa mwandiko wake ule mzuri. Ofisi moja ilimwambia marehemu haandiki barua. Nyingine ilimtaka alete cheti chake, na cheti kilikuwa kimeandikishwa jeshini, kwa hiyo hata kazi ya ukarani aliyoiomba hakuipata, akahamia Tunduma mwaka 1994, akawa fundi baiskeli karibu na mpaka, ambako wateja wa Zambia walimwita Bashikulu, yaani babu, na kumpenda. Kila msimu wa kulima alifunga kibanda akaja Ikinga kumlimia Mama Atuganile kwanza, ndipo alime kwake, na mimi nilimsema sana kwa hilo, mbele ya watu, Mungu anisamehe.

Tarehe 11 Desemba 1982 alifunga ndoa na wifi yetu Imelda, wa Mlowo, wakajaliwa watoto watatu, Lusungu, Angel na Diana. Mtoto wa kiume wa kwanza alipaswa kuitwa Samwel, baba yetu alisubiri heshima hiyo, hakuipata, akanuna wiki nzima.

Mwaka 1991 alisafiri mpaka Kagera na kusimama mbele ya kaburi lililoandikwa jina lake. Alituambia alifuta vumbi, akaomba radhi, akarudi. Tangu mwaka uliofuata, kila tarehe 25 Julai, Siku ya Mashujaa, aliwakusanya wanafunzi wenzake pale Kalembelo, wakawaheshimu wenzao wote watano waliotumikia jeshi, walio hai na aliyelala Kagera, kwa kusoma majina yao mbele ya watoto wa shule. Watu waliomba naye asomwe, akakataa kabisa, akisema yeye hakwenda.

Mzee Osward alipostaafu alikwenda naye ofisini kutoa ushahidi, akijua kwamba naye anajiweka matatani, na hatimaye barua ikaja. Tarehe 25 Julai 2014, ofisa wa jeshi alisimama pale shuleni akatangaza kwamba askari aliyefia vitani ni Lusungu Kayange, na kwamba Andongwisye Kibona anaondolewa katika orodha ya waliokufa. Mama Atuganile, ambaye macho yalikuwa yamekwisha, aliomba jina lisomwe tena, likasomwa, akaomba tena, likasomwa mara ya tatu, kisha akasema arudishwe nyumbani akapumzike. Alifariki mwaka uliofuata.

Marehemu alianza kusumbuliwa na figo Juni 2023, akatibiwa Tunduma na Mbeya, akaaga dunia Jumapili, tarehe 9 Februari 2025, akiwa na miaka sitini na saba.

Sasa niseme la jana. Kwetu mfiwa hashiki jembe la kaburi, kaburi huchimbwa na majirani, na majembe yalipogawiwa, moja alipewa Emanueli Kayange, yule mdogo wake Lusungu, kwa kuwa ni jirani. Alilikataa. Tulidhani ana kinyongo, na kusema kweli tungemwelewa. Akaingia ndani, akavua viatu, akaketi mkekani katikati yetu, akasema yeye hawezi kumchimbia kaka yake, atafutwe jirani mwingine. Mimi mwenye mdomo nilisogea tu, nikamkunjulia upande wa blanketi langu.

Familia za Kibona na Kayange kwa pamoja zinawashukuru madaktari na wauguzi, mafundi wenzake wa Tunduma, wachungaji, majirani mliochimba, na ninyi askari wastaafu mtakaombeba.

Pumzika kwa amani, kaka, na safari hii telegramu ni ya kweli, ni wewe tunayekulilia.