Asnath Mughwai, Aliyekata Matawi Miguu Ikiwa Chini

Marehemu Asnath Mughwai alizaliwa tarehe 9 Machi 1952 katika kijiji cha Kinyangiri, wilayani Iramba, akiwa mtoto wa pili wa Mzee Mughwai, mrinaji wa asali, na mkewe Bi. Dina. Mizinga ya baba yake ilitundikwa juu ya migunga, mbali na nyumba. Kwa wazee wa kwao, mwanamke kupanda mti ulikuwa mwiko mzito; walisema nyuki watahama na mvua itachelewa. Basi kaka zake walipanda, naye Asnath akabaki chini kumshikia baba yake kamba na kutazama juu. Alitazama miaka na miaka, mpaka akawa akiliona tawi lilivyoinama anajua litaangukia wapi likikatwa. Mzee Mughwai naye hakugusa mti kabla ya kuuzunguka mzima, aone kama kuna mzinga wa mtu mwingine, nyoka, au tawi bovu linalosubiri kichwa cha mtu. Binti aliirithi tabia hiyo kuliko alivyorithi sura.

Alisoma shule ya msingi hapo hapo kijijini, akamaliza darasa la saba mwaka 1967, na mwaka uliofuata akapata kipaimara. Hesabu alizipenda sana. Kuimba nako alikupenda, ila kuimba hakukumpenda. Waliosimama naye kwenye kwaya wapo hapa msibani na wanajua lisemwalo.

Tarehe 22 Julai 1972, siku ya Jumamosi, alifunga ndoa takatifu na Nathan Melkizedeki wa Misigiri. Mama mkwe wake alikuwa amefariki miezi michache kabla, akaacha kitindamimba wa mwaka mmoja aitwaye Fabiano. Bibi harusi alifungwa mtoto mgongoni kabla hajaonyeshwa jiko liko wapi. Hakuuliza. Alimnywesha uji, akamkogesha, akamuuguza surua, akampeleka shule. Kwa desturi Fabiano alimwita shemeji, akamtania kama mashemeji wanavyotaniana, lakini usiku akiota ndoto mbaya jina aliloliita halikuwa shemeji. Mungu aliwajalia Asnath na Nathan watoto wao watatu, Winfrida, Stanley na Yasinta. Mwaka 1976 familia ilihamia Singida mjini, eneo la Utemini, Nathan alipopata ajira ya kutunza bustani na kupogoa miti ya barabarani.

Kisha ulikuja wakati wa mambo kugeuka. Maduka yalijaa bidhaa ambazo watu walikuwa wamezisahau, na papo hapo wafanyakazi wakaanza kupunguzwa makazini. Nathan alipunguzwa mwaka 1993. Hakukaa kitako, kazi ile ile ya miti ilikuwa sasa inatolewa kwa watu binafsi, naye akaiomba, akapewa. Mwezi Juni 1994 alianguka kutoka juu ya mkaratusi akavunjika nyonga, na tangu siku hiyo anatembea kwa fimbo kama mnavyomwona. Nyumba ikabaki na watoto wanaosoma, mume aliyelala chali, na msumeno ukutani.

Asnath aliushusha msumeno ule. Alitafuta ufito mrefu ulionyooka, akaufunga msumeno nchani kwa waya na mpira wa baiskeli, akaenda kwenye mjohoro uliokuwa umeegemea ukuta wa shule ya jirani. Habari zilimtangulia. Mzee Mazengo, jirani yao, mtu wa mila asiyecheka ovyo, alichukua kigoda chake akaenda kukaa ng'ambo ya barabara ili ashuhudie mwiko ukivunjwa. Asnath alimwamkia shikamoo, akauzunguka mti, akasimama pembeni ya pale tawi litakapoangukia, akaanza kukata. Kwanza alikata kidogo kwa chini, ndipo akaja juu, ili tawi lisichane gome la mti. Mzee hakutazama tawi hata kidogo. Alitazama miguu. Tawi lilipoanguka mahali pale pale Asnath alipokuwa ameelekeza kwa kidole, mzee aliinuka.

"Mwiko ni kupanda," alisema mbele ya watu. "Huyu hajapanda. Miguu iko chini, nimeiangalia mimi mwenyewe. Mwacheni afanye kazi."

Hivyo ndivyo mji wa Singida ulivyopata mwanamke mpogoaji. Mwanzoni watu walisimama kushangaa, wengine na mizigo vichwani, mpaka yeye mwenyewe akalazimika kufunga kamba kuzunguka eneo na kuwafukuza. "Tawi halijui jina la mtu," aliwaambia. Hata mkuu wa ofisi akipita chini ya kamba ile alirudishwa kwa heshima zote, lakini alirudishwa.

Mwaka 1998 wataalamu wa kigeni waliokuwa wakichimba visima walimaliza kazi yao, na mama mmoja miongoni mwao, aliyekuwa akimtazama Asnath na ufito wake kila asubuhi, alimwachia mashine. Ilikuwa msumeno mdogo wenye mnyororo wa meno, umekaa kwenye ncha ya bomba la alumini linalorefuka, na unaendeshwa kwa betri ya kuchaji. Hapakuwa na waya, hapakuwa na petroli, hapakuwa na moshi. Siku ya kwanza alipoibonyeza barabarani, ikanguruma kidogo tu na tawi nene la mwarobaini likatengana na shina, watu walishusha mizigo vichwani waitazame. Bibi mmoja muuza karanga alishika mdomo. Watu wakaipa jina Twiga, na likashika.

Asnath naye aliishangaa, lakini alikuwa na namna yake ya kushangaa: alizidisha adabu. Kichwani kofia ngumu, machoni miwani, mikono miwili kwenye bomba wakati wote. Hakusimama chini ya anachokata. Tawi refu alilipunguza vipande vipande kutoka nchani, na kabla ya kuanza alikwisha chagua njia ya kurudi nyuma na kuiondoa mawe. Mnyororo ukinasa, alichomoa betri kwanza ndipo akaugusa. Upepo ukivuma, kazi ilikwisha, hata kama mwenye mti analalamika. Na penye nyaya za umeme hakufika kabisa mpaka mafundi wenyewe waje wakate umeme na waseme kwa vinywa vyao kwamba umekatwa.

Hilo la mwisho ndilo lililoleta siku ambayo familia hii haiwezi kuisahau.

Jumanne tarehe 19 Januari 1999, mvua ya upepo ilivunja tawi kubwa la mjohoro katika uwanja wa zahanati moja mjini. Halikuanguka. Lililala juu ya nyaya, limejaa majani mabichi yanayodondosha maji. Umeme wa mtaa mzima ulikuwa umezimika. Ndani kulikuwa na akina mama wawili wenye uchungu wa kuzaa, na wakunga walitaka taa. Asnath aliitwa, akaja na Fabiano, ambaye wakati huo alikuwa kijana wa miaka ishirini na minane, mwenye mabavu, hajaoa, na ameshajua kuitumia mashine. Asnath aliuzunguka mti, akatazama nyaya, akaweka mashine chini.

"Waiteni mafundi," alisema. "Mimi sikati."

Watu walinung'unika. Umeme si umezimika? Anaogopa nini? Fabiano aliona aibu kwa niaba ya nyumba yao.

"Shemeji, hii mashine haina waya," alisema. "Umeme utapitia wapi? Huo wa juu nao umezimika. Wale akina mama watazalia gizani kwa sababu yako."

"Waya ni hilo bomba," Asnath alimjibu. "Na umeme uliozimika wenyewe hujiwasha wenyewe."

Alijua wapi ukaidi wa kijana ulipolala, maana alimlea. Akachomoa betri, akaifunga kwenye pindo la kitenge chake. Watu wakacheka. Fabiano alitabasamu, na katika tabasamu lile shemeji yake alisoma hatari, ila alichelewa kidogo. Kijana aliokota bomba lile lisilo na betri.

"Basi sikati, nalivuta tu. Sasa hili ni fimbo."

Akalirefusha, akaliinua.

Asnath alikuwa mwanamke wa umbo dogo. Hakuna aliyejua nguvu ile ilitoka wapi, na hata Fabiano akiulizwa mpaka leo anatikisa kichwa. Alimrukia kiunoni kwa kichwa na mabega, wakaenda chini wote wawili kwenye tope, bomba likarushwa kando. Shemeji kumwangusha shemeji hadharani, mbele ya wazee na wagonjwa! Fabiano aliinuka kwa hasira, amepakaa matope hadi kwenye nyusi.

"Umenidhalilisha," alisema. "Mwoga wewe. Umenidhalilisha kwa uoga wako."

"Niite mwoga. Nitaitika."

Walikuwa bado wanagombana hivyo, hapo hapo, umeme uliporudi. Ulirudi kwa mlio wa kupasuka. Juu ya vichwa vyao tawi lile bichi, lililolowa maji, liliwaka. Moto wa rangi ya samawati ulikimbia kwenye majani, cheche zikanyesha uwanjani, na moshi ukapanda kutoka kwenye mti uliokuwa bado unachuruzika mvua. Kisha nyaya zikapiga kishindo cha pili na umeme ukazimika tena. Watu wote walikuwa wamekwisha kimbilia ukutani. Mzee Mazengo, aliyekuja na kigoda chake kama kawaida, alivua kofia.

"Kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio," alisema taratibu. "Leo nimeona kwa macho."

Fabiano alilitazama bomba lile kwenye matope. Akakaa chini. Asnath alikaa karibu naye, akamfuta tope usoni kwa kitenge kama alivyomfuta uji alipokuwa mtoto, na hapo ndipo yeye naye akalia, kwa sauti, bila kujali nani anamwona. Mafundi walifika, wakakata umeme, wakasema kwa vinywa vyao. Ndipo Asnath alipofungua pindo la kitenge na kulikata tawi lile vipande vipande. Akina mama wale walijifungua salama kwa mwanga wa kandili, wasichana wote wawili. Mmoja aliitwa Asnath.

Aliendelea na kazi hadi mwaka 2004. Aliwafundisha vijana wengi, wa kike na wa kiume, na hakuna hata mmoja aliyeumia mikononi mwake. Aliyeshika mashine kabla ya kuuzunguka mti alirudishwa nyumbani siku hiyo, akaambiwa aje kesho akiwa na macho.

Mwanzoni mwa mwaka huu wa 2005 alianza kusumbuliwa na uvimbe tumboni. Alitibiwa hospitali ya mkoa, kisha akapelekwa Dodoma, akafanyiwa upasuaji mwezi Aprili. Alipata nafuu, akarudi nyumbani, ila nguvu hazikurudi naye. Hata hivyo ulimi ulibaki mzima. Juni, Fabiano alipopogoa mti uliokuwa karibu na dirisha lake, mgonjwa alimpigia kelele kutoka kitandani kwamba amesimama vibaya, na kweli alikuwa amesimama vibaya. Alipokea sakramenti, akawasamehe na kuwaomba msamaha wote, akamwomba mumewe asikae peke yake jioni. Alhamisi tarehe 11 Agosti 2005, saa nne asubuhi, alifariki dunia nyumbani kwake Utemini, akiwa na umri wa miaka hamsini na mitatu. Nathan alikuwa amemshika mkono.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, wachungaji, wanakwaya, majirani wa Utemini, na ndugu wote waliosafiri kutoka Kinyangiri, Misigiri na Ulemo. Bwana awalipe pale ambapo sisi hatutaweza.

Marehemu ameacha mume, Nathan, watoto watatu, Winfrida, Stanley na Yasinta, wajukuu watano, na kaka zake wawili. Ameacha shemeji yake Fabiano, aliyebeba msalaba leo, pamoja na mkewe Anastazia ambaye alimwoa mwaka 2000. Na ameacha watoto wa Fabiano: Paulo, aliyezaliwa mwaka 2001, Dorkas, aliyezaliwa 2003, na Innocent, wa miezi minne, yule anayelia pale nyuma. Msimnyamazishe. Mwacheni alie, sauti hiyo ni yake Asnath; bila tope la siku ile isingesikika.

Mama yetu, umesimama chini muda mrefu ukituangalia sisi. Sasa pumzika kwa amani.